Bei ya Chombo cha Mbio



Juma lililopita alinijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Bwejuu. Nasema Bwejuu ya Mafia, kile kisiwa kidogo kilicho katika mkondo baina ya Mafia na delta ya Rufiji, wala si Bwejuu ya Unguja iendewayo na watalii. Alinipa shikamoo, nikaitikia, akakaa kitako bila kusema neno. Nikajua hapo pana jambo.

Kijana huyu yuko hapa Dar es Salaam miaka kumi na tatu sasa, na ana gari. Si gari la kwenda sokoni na kurudi. Ni Subaru ya turbo, ile inayonguruma hata ikiwa imesimama. Aliinunua shilingi milioni 21 ikiwa tayari imetumika Japani, akaiongezea magurudumu, muziki na rangi. Sasa anataka kuiuza. Yeye anasema milioni 26, dalali anasema milioni 13. "Mjomba," akaniuliza, "bei ya haki ni ipi?"

Nikamwuliza anauza kwa nini. Hapo ndipo aliponieleza habari ya mashua.

Marehemu shemeji yangu aliacha mashua. Wanaoijua bahari ile watakuambieni ilikuwa na mwendo. Ikitoka Bwejuu kwenda Kilindoni na upepo mzuri, vyombo vilivyotangulia viliachwa nyuma vikitazama tezi yake. Tangu afe mwenyewe, imelala mchangani. Chombo cha mbao kikikaa nchi kavu hukauka, mbao zikaachana, pamba ya kalafati ikatoka, na mvua ikimalizia yaliyobaki. Fundi wa Jibondo ameikagua. Amesema mkuku ni mzima, mataruma mengi ni mazima, lakini mbao saba za ubavuni zimeoza, na masika mengine yakiipita hapo ilipo, hakutakuwa na kitu cha kutengeneza. Mfanyabiashara mmoja kutoka bara ameshatoa bei yake kwa dada yangu: bei ya kuni.

Mashua ile ni mirathi. Mama ana thumni yake, na watoto wana mafungu yao. Ikiuzwa kama kuni, kila mmoja atapata fedha ya kununulia kanga. Mpwa wangu anataka awalipe ndugu zake mafungu yao, anunue mbao na misumari, amlipe fundi, chombo kirudi majini, na wadogo zake wawili walioko kisiwani wapate kazi. Hesabu yake yote ni milioni 16, na zipatikane kabla ya masika.

Basi nikamwambia, mpwa wangu, jawabu lako liko mbele ya kisiwa chenu. Tangu utotoni umekuwa ukilitazama, ng'ambo ya maji, katika mikoko ya Rufiji.

Ndugu wasikilizaji, mwezi Juni 1914 iliingia bandari ya Dar es Salaam manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Ilikuwa imeanza kazi mwaka 1907, na mwendo wake ulikuwa noti 24, yaani kama kilomita 44 kwa saa. Kwa siku zile huo ulikuwa mwendo wa kutisha. Wenyeji wa pwani waliiita Manowari na Bomba Tatu, kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Vita vilipoanza mwezi Agosti, iliwaponyoka Waingereza, ikakamata meli ya mizigo iitwayo City of Winchester huko pwani ya Omani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliikuta manowari kongwe ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaizamisha.

Hata hivyo, mbio zina gharama zake, jambo ambalo mwenye chombo hulijua na mnunuzi hulisikia baadaye. Königsberg ilikula makaa ya mawe kwa wingi, na Waingereza wakayanunua makaa katika bandari za jirani ili isipate. Yale iliyoyateka katika City of Winchester yalikuwa ya India, hafifu, yakachafua matangi yake ya mvuke. Kisha mitambo ikaharibika. Ikabidi iingie Rufiji kujificha, na vyuma vilivyovunjika vikabebwa kwa njia ya nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa huko huko mtoni. Meli ya noti 24 ikawa imefungwa katika matope, kwa miezi, hali mlangoni inangojewa.

Waingereza nao walikuwa na shida yao. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia deltani kwa sababu maji ni machache. Januari 1915 waliiteka Mafia, wakaifanya kituo chao na kuweka huko uwanja wa ndege. Kisha wakaleta vyombo viwili, Severn na Mersey. Sikilizeni vizuri habari za vyombo hivi, maana ndiyo hasa niliyomsimulia kijana.

Severn na Mersey havikuundwa kwa ajili ya Uingereza. Vilitengenezwa huko Uingereza kwa agizo la Brazili, vikafanye kazi katika mto Amazon. Brazili ikashindwa kulipa, vikabaki kwa aliyeviunda vikitafuta mnunuzi, na vita vilipoanza Agosti 1914 serikali ya Uingereza ikavichukua kwa kuvinunua. Havikuwa na sura wala mbio. Mwendo wao haukuzidi nusu ya mwendo wa Königsberg, na katika bahari kuu havikuaminika, hata ikabidi vikokotwe kutoka Malta, vipite Suez na bahari ya Shamu, hadi vikafika Mafia Juni 1915. Lakini vilikuwa na sifa moja ambayo Königsberg haikuwa nayo: vilielea katika maji yasiyofika mita 2, wakati Königsberg ilihitaji zaidi ya mita 5.

Tarehe 6 Julai 1915 vilijaribu vikashindwa. Tarehe 11 Julai vikarudi, ndege kutoka Mafia ikivielekeza mahali risasi zinapoangukia, na siku ile ile Königsberg ikaisha. Wajerumani wenyewe wakaitoboa iliyobaki, kisha wakaopoa mizinga yake kumi, wakaifungia magurudumu na kuikokota nchi kavu kupigana nayo. Mmojawapo unaweza kuuona leo katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Sasa niambieni, chombo kipi kilikuwa cha thamani? Ungeuliza mwaka 1914, kila mtu angesema Königsberg. Ungeuliza katika matope ya Rufiji, jibu ni jingine. Mnunuzi hutoa bei kwa kutazama maji atakayokipitishia chombo chake, na mbio ni sehemu tu ya hesabu hiyo. Hivyo ndivyo vyombo vya mto visivyotakiwa na mtu vilivyoishinda meli ya bahari kuu.

Na hadithi ya bei haikuishia hapo. Gofu la Königsberg lilibaki limelala mtoni. Mwaka 1924 haki ya kuopoa vyuma vyake ikauzwa. Ilikwenda kwa bei gani? Paundi 200! Na mnunuzi alikuwa nani? Alikuwa yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, meli iliyozamishwa na Königsberg bandarini Unguja miaka kumi kabla. Akapeleka wapiga mbizi wakatoa shaba na madini mengine yasiyo chuma, kisha akawauzia wengine haki hiyo. Kazi ya kukata vyuma iliendelea kwa miaka mingi, na gofu lilizama kabisa katika tope mwaka 1966. Wale wapiga mbizi hawakulipia noti 24. Walilipia shaba.

Kijana akacheka, akasema, "Kwa hiyo mjomba unaniambia gari langu ni chuma chakavu?" Nikamwambia la hasha. Nakuambia dalali wako ndivyo anavyolihesabu. Yeye atamwuzia mtu wa kawaida, baba mwenye watoto watatu shuleni, na kwa baba huyo turbo ni mdomo mwingine wa kulishwa. Anaona mafuta, anaona vipuri, anaona foleni za mjini ambamo gari la mbio na gari bovu hukaa pamoja saa nzima. Milioni 13 ya dalali si wizi. Ni bei ya chombo cha bahari kuu kilichopelekwa deltani.

Wewe nawe milioni 26 umezipata wapi? Umejumlisha bei uliyonunulia, muziki, rangi na magurudumu, kisha ukaongeza shida zako. Mnunuzi hanunui shida zako. Rangi uliyoipenda wewe huenda yeye haipendi, na fedha uliyokwisha kuitumia haimo tena ndani ya gari, imo kwa waliokuuzia. Milioni 16 za mashua zina kazi moja tu katika hesabu hii: zinakuonyesha pa kusimama. Chini ya hapo usiuze, maana utakuwa umekosa gari na mashua pia.

Basi nikamkumbusha mfano mwingine, huu wa magari. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akisaidiwa na ndugu yake Jaswant. Walitumia Volvo PV544. Gari lile halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika, limetoka katika timu ya kiwanda cha Volvo, na lilikwisha tembea maili maelfu kwa maelfu. Wengi wangeliona limekwisha. Joginder alikuwa fundi, mtu wa gereji tangu ujana wake, akijua kutazama chini ya gari kabla ya kutazama juu yake. Aliona chombo kilichoundwa kwa kazi ile hasa aliyoitaka, na kwa barabara zile hasa alizozijua. Akawashinda wenye magari mapya.

Na miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, Safari ikachukuliwa na mtu wa hapa hapa Dar es Salaam, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell katika Peugeot 404. Wazee wenzangu wanakumbuka Peugeot hizo. Ziliuzika hata zikiwa kuukuu, kwa sababu kila fundi alizijua na vipuri vyake vilipatikana. Ndiyo maana chombo chenye mafundi huwa na bei kuliko chombo chenye sifa.

Kwa hiyo, mpwa wangu, usihangaike na dalali, wala usihangaike na vijana wanaokuja kulisikiliza likinguruma wakapiga nalo picha. Hao wa kwanza hawalitaki, na hao wa pili hawana fedha. Mtafute Joginder wako. Wako vijana wa gereji, na wako wanaoshindana magari huko Tanga na Morogoro. Mtu wa namna hiyo usimdanganye hata kidogo. Mwambie turbo ilibadilishwa lini, mwambie ulipoligonga, mwonyeshe stakabadhi za mafuta ya injini. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata chema kikifichwa kasoro zake huanza kutembezwa. Na muziki ule ung'oe, uuze peke yake. Mtu wa mbio hautaki, unamwongezea uzito tu.

Tukakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Na mashua je, mjomba? Nayo ni chombo cha mbio kilichochakaa. Ndugu zangu niwalipe kwa bei ipi? Ile ya kuni?"

Ndugu wasikilizaji, hapo nilinyamaza. Angeweza kuwalipa bei ya kuni na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa ndiyo bei pekee iliyotajwa. Nikakumbuka mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana Ulaya juu ya pwani yetu. Mwambao na kisiwa cha Mafia vikatoka kwa Sultani wa Zanzibar, vikaenda kwa Wajerumani, kwa marki milioni 4. Watu wa Mafia, wa Bwejuu wakiwamo, hawakuulizwa mali ile ina thamani gani, na waliokubaliana hawakuwa wakazi wake. Bei ilipangwa na watu wasiolala pale.

Nikamwambia, mpwa wangu, wewe sasa unauza na kununua kwa wakati mmoja. Kwenye gari umelalamika kwamba dalali anahesabu vyuma tu. Basi kwenye mashua usiwe dalali. Fundi wa Jibondo aulizwe, chombo kama kile kikiwa majini kina thamani gani, kisha itolewe gharama ya mbao saba na kazi yake. Kinachobaki ndicho kigawanywe, na mama awepo, na wadogo zako wasikie kila tarakimu. Akainamisha kichwa. Alijua kwamba kwa hesabu hiyo milioni 16 hazitatosha, labda zifike 17.

Juzi amenipigia simu. Gari limekwenda, limechukuliwa na fundi mmoja wa Morogoro aliyelala chini yake saa nzima kabla hajasema neno. Milioni 17 na nusu. Muziki umeuzwa mbali. Bamvua la mwezi huu vijana watakusanyika mchangani kuisukuma mashua hadi mahali pa fundi, karibu na maji. Yeye atasafiri kwenda kushika kamba pamoja nao, kwa basi hadi Nyamisati na kwa chombo kutoka hapo.

Nilimwuliza kama anasikitika. Akasema, "Kidogo, mjomba. Nikisikia nyingine ikinguruma barabarani bado nageuka."

Kwaherini, mpaka juma lijalo.