Kuruta Aliyemzidi Afande Umri

Msomaji anayepita Kimihurura hawezi kulikosa jengo la Bunge, ambalo zamani likiitwa CND, lenye alama za risasi ukutani hadi leo. Wapiganaji wapatao 600 wa RPA, jeshi la RPF, waliingia humo tarehe 28 Desemba 1993 kuwalinda viongozi wao kufuatana na Mkataba wa Arusha. Mnamo Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza, wakajikuta wamezingirwa. Makumbusho yaliyofunguliwa hapo mwaka 2017 yanaeleza habari zao, na mgeni hutoka akidhani lile lilikuwa jeshi la vijana watupu.

Tupige hesabu kidogo. Mtoto aliyevushwa mpaka mwaka 1959 akiwa na miaka 8 alikuwa na miaka 39 vita vilipoanza Kagitumba, tarehe 1 Oktoba 1990. Fred Rwigema, kamanda aliyeuawa siku ya pili, alikuwa na miaka 33. Paul Kagame, aliyekatiza masomo ya kijeshi Marekani kuja kushika uongozi, alitimiza 33 mwezi huohuo. Hao wawili walikulia Uganda na kuingia msituni na Museveni tangu 1981. Wakimbizi wa Burundi, Zaire na kwingineko hawakupata njia hiyo. Walisoma, wakafundisha, wakatibu wagonjwa, wakaoa na kuolewa. Nafasi ilipowajia, baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye shahada. Mwanahistoria Gérard Prunier anakadiria kuwa karibu asilimia 20 ya wapiganaji wa RPA walikuwa wamefika chuo kikuu.

Hapa ndipo lugha inapotuhusu sisi walimu wa Kiswahili. RPA ilirithi Kiswahili cha jeshini kutoka NRA ya Uganda, nayo NRA ilikikuta katika desturi ya askari tangu zama za King's African Rifles. Katika Kiswahili hicho mwajiriwa mpya ni kuruta, awe na miaka 18 au 40. Mkubwa wake ni afande, neno lenye asili ya Kituruki, na halimuulizi mtu umri. Nyumbani kijana ndiye anayetangulia kumwamkia mzee. Kambini mzee ndiye anayekaza mwili na kumpigia saluti kijana. Kwa mtu aliyezoea kuitwa mwalimu au daktari, tunadhani zoezi hilo lilikuwa gumu kuliko kukimbia mlimani na mzigo. (Alexis Kanyarengwe, mwenyekiti wa RPF aliyetia saini Arusha mwaka 1993, alikuwa amepita 50, lakini yeye alikuja na ukanali wake.)

Tanzania nayo ilipoita mgambo katika Vita vya Kagera vya 1978–79, wakulima waliacha majembe wakashika bunduki. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na nchi ya kurudia. Kuruta wa RPA aliacha mke, watoto na mshahara ugenini kwa ajili ya nchi aliyoikumbuka kwa shida.

Aliyejiunga akiwa na miaka 40 mwaka 1990 sasa amepita 70. Wanafunzi wa isimujamii wanaotafuta mada wangeanza na hao, wakawaulize neno la kwanza la Kiswahili walilojifunza kambini lilikuwa lipi, na nani aliyewafundisha.