Skuli ya lugha mbili: ni kitu gani, na Nyacheki ingeipata vipi

Kwenye vikao vya wazazi hapa Mombasa nasikia ombi moja likirudi: tungepata skuli ya serikali inayosomesha kwa Kifaransa na Kiingereza, watoto wetu wangefunguliwa milango ya kazi kutoka Kigali hadi Montreal. Ombi lenyewe silibishi. Ila nataka tujue jambo hili ni nini na hukaa juu ya nguzo gani. Mfano wangu nitautoa mbali na bahari, Nyacheki, wadi ya eneo bunge la Bobasi, kaunti ya Kisii, kwa sababu kule hali iko wazi kuliko kwetu: nyumbani na sokoni ni Ekegusii, na Kiingereza mtoto hukikuta darasani.

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Kifaransa kama somo ni vipindi vichache kwa wiki, mtoto anafunzwa salamu na vitenzi. Hilo Kenya tunalo. Kifaransa hutahiniwa katika KCSE, na mtaala wa umilisi uliokuja 2019 ulikiweka pamoja na Kiarabu, Kijerumani na Kichina kuwa masomo ya hiari kuanzia gredi ya 4. (Kuandikwa kwenye mtaala na kuwa na mwalimu ni mambo mawili.) Mpango wa lugha mbili ni kitu chengine kabisa. Hapo hesabu yenyewe, au sayansi, husomeshwa kwa Kifaransa, na mtoto hujifunza lugha huku akijifunza kugawanya na kuzidisha.

Mfano unaotajwa sana ni wa Saint-Lambert, mji ulio karibu na Montreal nchini Kanada. Wazazi waliozungumza Kiingereza waliisukuma bodi ya skuli, na mwaka 1965 darasa la chekechea likaanza kusomeshwa kwa Kifaransa, Kiingereza kikaja kuingizwa baadaye kidogo kidogo. Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuata watoto wale miaka kadhaa na kutoa kitabu 1972. Waliona kwamba Kiingereza cha watoto hakikudhurika, na Kifaransa chao kiliwapita mbali wale waliokisoma kama somo tu. Huko New York, skuli ya serikali ya P.S. 58 mtaani Brooklyn ilianza mpango wa Kifaransa na Kiingereza mwaka 2007, nao pia ulitokana na wazazi kudai.

Lakini angalia nani walikuwa ndani ya madarasa hayo. Mtoto wa Saint-Lambert alirudi nyumbani kwenye Kiingereza, akafungua redio ni Kiingereza, vitabu vya hadithi Kiingereza. Lugha ya mama haikuwa hatarini hata kidogo. Lambert mwenyewe alitofautisha hali mbili: lugha ya pili inayoongezwa juu ya ya kwanza, na lugha ya pili inayokuja kuisukuma ya kwanza nje. Sasa mpeleke mtoto wa Nyacheki kwenye darasa la Kifaransa na Kiingereza. Kwa jina ni lugha mbili. Kwake yeye zote mbili ni ngeni, na ile aliyokuja nayo haimo hata moja kati ya hizo.

Na sheria si kwamba imemsahau. Tume ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza madarasa matatu ya mwanzo yasomeshwe kwa lugha ya eneo, na sera hiyo ipo hadi leo: kwa Nyacheki maana yake ni Ekegusii hadi gredi ya 3, halafu Kiingereza. Darasani mambo ni mengine. Mradi wa Tusome ulipoenea nchi nzima 2015, kila mtoto wa madarasa ya chini alipewa vitabu vya kusoma, jambo jema sana, lakini vilikuwa vya Kiingereza na Kiswahili. Hapo sisi wa Pwani tulipata kitabu kinachokaribia lugha ya mama bila kuomba. Mtoto wa Nyacheki hakukipata, wala wa Ganze anayezungumza Kigiriama.

Nasema kinachokaribia, kwa sababu mtoto wa Mvita anayesema ndia na ndaa hukuta kitabuni njia na njaa. Huo ni mto mdogo, huvukwa. Ekegusii ina irabu saba na maandishi yake hutumia herufi tano, kwa hivyo kumfunza mtoto kuisoma kunahitaji mwalimu anayeijua na kitabu kilichoandaliwa, si kuzungumza tu.

Wazazi wa Kisii wanaotaka Kiingereza tangu siku ya kwanza siwalaumu. KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, iliulizwa kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili. Mtu husomea mtihani uliopo.

Kama kuna nchi jirani ya kuangalia, ni Rwanda. Mwaka 2008 serikali iliamua skuli zihame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na walimu waliosomea Kifaransa wakajikuta wanasomesha kwa lugha wasiyoimudu. 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya chini. 2019 ikatangazwa Kiingereza tena tangu darasa la kwanza. Katika miaka kumi na moja mwalimu yule yule amegeuzwa mara tatu.

Kwa hivyo skuli ikitangaza mpango wa lugha mbili, mimi ningemuuliza mwalimu mkuu: nani atakayesomesha hesabu kwa Kifaransa, na akipata uhamisho nani atashika nafasi yake? Vitabu vya gredi ya 2 viko wapi, nivione? Na mtoto atajifunza kusoma kwa lugha gani kwanza? Kule Nyacheki mpango ambao ningeupeleka mtoto wangu ni wa Ekegusii na Kiingereza, vikienda sambamba hadi gredi ya 6, Kiswahili kikiwa somo kama kilivyo sasa. Kifaransa kingeingia hapo gredi ya 4 kilipowekwa na mtaala, akipatikana mwalimu.