Sala ya Asubuhi: Jina Lake na Habari Zake

Katika mwaka wa jubilii watu hupenda kuhesabu. Huhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na wale waliobatizwa. Hayo ni mema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa ajili yake. Lakini liko jambo moja lililo la zamani kuliko majengo yetu yote, nalo ni ile sala ambayo kengele yake hulia mapema, kabla watu hawajakwenda shamba. Tena mara nyingi twasikia katika mitaa yetu neno hili: "Leo padre hakuja, ilikuwa sala ya asubuhi tu." Basi, wasomaji, yatupasa kulitazama hilo neno "tu". Je, ni kweli? Tukijua jina hili latoka wapi, na limepita katika mikono ya watu gani, tutaweza kujibu.

Mwanzo wake ni kwa Wayahudi. Katika Torati, kitabu cha Kutoka, sura ya 29, Waisraeli waliamriwa kutoa wana-kondoo wawili kila siku, mmoja asubuhi na mmoja jioni. Hata leo sala ya asubuhi ya Wayahudi yaitwa kwa jina litokalo katika neno la Kiebrania lenye maana ya mapambazuko. Bwana wetu mwenyewe, kama Marko aandikavyo katika sura ya kwanza, aliondoka alfajiri sana, akaenda mahali pasipo watu, akasali huko. Karibu na mwaka 112, Pliny, mtawala wa Kirumi katika Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan habari za Wakristo. Alisema kwamba hukutana siku maalumu kabla ya kupambazuka, na kumwimbia Kristo kama Mungu. Mtu huyo hakuwa rafiki wa Kanisa. Alikuwa akiwahukumu Wakristo na kuwaua. Kwa hiyo ushahidi wake una nguvu zaidi.

Sasa tulitazame jina. Watu wa Kilatini waliiita sala hii kwa neno litokalo katika *matutinum*, yaani wakati wa mapambazuko; na neno hilo lina undugu na jina la Matuta, mungu wa kike ambaye Warumi wa kale walimwabudu kuwa mwenye mapambazuko. Wakristo walilichukua neno, wakamwacha mungu yule. Ila jina hili halikukaa mahali pamoja. Zamani za Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, watawa waliamka usiku wa manane kwa sala iliyoitwa makesha, kisha kulipopambazuka wakasali ile yenye jina la asubuhi. Baadaye jina la asubuhi lilihamia kwenye sala ya usiku, likawa Matins. Na sala ya mapambazuko ikapata jina jipya, Laudes, maana yake masifu, kwa sababu zaburi ya 148, ya 149 na ya 150 zilisomwa ndani yake kila siku. Hivyo kwa miaka mingi sala iliyoitwa "ya asubuhi" ilisaliwa gizani.

Palikuwa na sala za saa nyingine pia, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa. Mzungu akisoma kwamba watawa walisali saa ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya tisa, hana budi kufundishwa maana yake, kwa kuwa yeye huhesabu saa tangu usiku wa manane. Sisi hatuhitaji kufundishwa. Warumi walihesabu saa za mchana tangu kuchomoza jua, kama tuhesabuvyo sisi. Saa tatu yao ndiyo saa tatu yetu, na saa tisa yao ndiyo saa tisa yetu.

Ile sala ya saa ya kwanza ina kisa chake. John Cassian, aliyekaa katika nyumba ya watawa huko Bethlehemu kabla ya kwisha karne ya 4, asimulia kwamba watawa walikwisha sala ya mapambazuko, wakarudi kulala. Baadhi yao, walio wavivu, walilala hata saa tatu. Basi wazee wakaamuru iwepo sala nyingine jua linapochomoza, ili watu waamke na kushika kazi zao. Wengi husema ya kwamba hapo ndipo ilipozaliwa sala iliyoitwa Prima. Twaona, basi, kwamba vita vya sala na usingizi havikuanza katika mitaa yetu. Hata watakatifu wa Bethlehemu walipigana navyo.

Lakini sala hiyo ilikuwa ya nani? Hili ndilo neno kubwa. Mwanamke mmoja mhujaji, jina lake Egeria, alifika Yerusalemu karibu na mwaka 381, akaandika aliyoyaona. Kila siku kabla ya jogoo kuwika milango ya kanisa la Ufufuo ilifunguliwa. Waliingia watawa waume kwa wake, pamoja na watu wa mji waliopenda kukesha nao. Kulipopambazuka waliimba nyimbo za asubuhi. Ndipo askofu akaja na mapadre wake, akawaombea watu wote, akawabariki wanaofundishwa kwa ajili ya ubatizo, kisha waamini. Hapo hapakuwa na sala ya wakubwa peke yao. Kanisa zima lilisali.

Baada ya karne nyingi mambo yalibadilika katika nchi za Magharibi. Sala za saa zikawa kazi ya watawa na mapadre, kwa Kilatini, lugha ambayo watu wa kawaida hawakuijua tena. Taratibu zake zikawa nyingi na ngumu. Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury, alilalamika kwamba kuutafuta ukurasa wa kusoma kulikuwa kazi kubwa kuliko kusoma kwenyewe. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 alizikusanya sala tatu, yaani Matins, Laudes na Prima, akafanya sala moja kwa Kiingereza. Zaburi zote aliziweka zisomwe kwa mwezi mmoja, na masomo ya Biblia yafuatane kwa taratibu. Mwaka 1549 iliitwa bado Mattins; katika kitabu cha 1552 iliitwa kwa maneno ya wazi, Sala ya Asubuhi, ikaongezwa maungamo mwanzoni mwake. Kitabu hicho cha pili kiliwaamuru mapadre na mashemasi wasali kila siku, na padre wa mtaa apige kengele, ili wapendao waje wasikie Neno la Mungu. Cranmer mwenyewe aliuawa kwa moto huko Oxford tarehe 21 Machi 1556, lakini kengele yake haikunyamaza.

Ndugu zetu Wakatoliki nao walifika karibu na mahali hapo kwa njia yao. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliondoa sala ya Prima, ukasema kwamba Laudes ndiyo sala ya asubuhi hasa, tena waamini wote wakaribishwe kuisali. Kwa Kiswahili yaitwa Masifu ya Asubuhi.

Na kwetu je? Mwaka 1854, huko Tübingen katika Ujerumani, ilipigwa chapa tafsiri ya Krapf ya sala za asubuhi na za jioni za Kanisa la Kiingereza. Wamisioni wa U.M.C.A. walifika Unguja mwaka 1864. Mmoja wao, Edward Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874 hata alipokufa mwaka 1882, alitumia nguvu zake nyingi kutia Maandiko na sala katika Kiswahili. Watu hao hawakutunga jina jipya. Walichukua maneno yaliyokuwa kinywani mwa watu wa pwani, sala na asubuhi, yote mawili yakiwa yametoka katika Kiarabu. Na wataalamu wengi husema kwamba Waarabu nao walilipata neno sala kwa Wakristo wa Shamu waliosema Kiaramu. Ikiwa ndivyo, neno hili lilisafiri safari ndefu sana, likarudi kanisani kwa mlango wa bahari.

Sasa turudi kwenye neno "tu". Ni kweli kwamba Sala ya Asubuhi si Ekaristi, wala haiwezi kushika mahali pake. Mtu asiye na padre Jumapili ana haki ya kuona upungufu. Lakini kuisema "tu" ni kusahau. Padre alipokuwa na mitaa mingi, naye akisafiri kwa miguu, ni nani aliyelishika kanisa katika kila kijiji? Ni mwalimu. Alipiga kengele, au kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Akasoma zaburi, akasoma somo, akawaombea wagonjwa kwa majina yao. Mara nyingine walikuja watu wawili, naye hakuacha. Alifanya kazi ile ile Egeria aliyoiona Yerusalemu.

Basi, walimu, msiione kazi hiyo kuwa ndogo. Nanyi waamini, siku padre asipokuja, msirudi nyumbani. Sala hii ilikuwa ya kanisa zima tangu mwanzo, ikachukuliwa na wachache, ikarudishwa kwa wengi. Ikipotea tena mikononi mwetu, haitakuwa kwa sababu ya lugha wala ya vitabu vigumu. Itakuwa kwa sababu ya usingizi.