Ng'ambo ya Ujiji: Remmy Ongala, Redio na Kiswahili Kilichorudi

Historia ya Kiswahili aghalabu husimuliwa kama safari ya upande mmoja: lugha kutoka pwani kwenda bara. Muziki wa dansi unathibitisha kwamba safari hiyo ilikuwa na marejeo.

Lango lilikuwa Ujiji. Katika karne ya 19, misafara iliyopitia Tabora ilifika hapo, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Dhuluma ile ilikoma, lakini lugha ikabaki. Ng'ambo ya ziwa Kiswahili kikawa lugha ya soko na ya nyumbani katika miji kama Kasongo na Kindu.

Kindu ndiko alikozaliwa Remmy Ongala mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila katika miaka ya 1980. Bendi za wakati huo ziliishi kwa madansi, ukumbi hadi ukumbi, mkoa hadi mkoa. Wimbo ulipimwa kwanza na wachezaji, ndipo ukapelekwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Hadi miaka ya mwanzo ya 1990 hiyo ndiyo iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara, na studio yake ndiyo iliyorekodi bendi nyingi.

Ongala angeweza kutegemea Kilingala, lugha iliyokuwa na fahari katika muziki wa Kongo. Badala yake aliimba hasa kwa Kiswahili, tena Kiswahili chepesi, kuhusu kifo, umaskini na haki ya mnyonge. Lafudhi ya Kongo haikumzuia kueleweka. Wasikilizaji waliitambua lugha yao.

Hata hivyo, redio ilikuwa na mipaka. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu dhidi ya UKIMWI, ulinyimwa nafasi hewani, ukaenea kwa madansi na kanda. Kwa upande mwingine, tamasha la WOMAD la mwaka 1988 na albamu ya "Songs for the Poor Man" ya mwaka 1989 vilimfikisha Ulaya.

Ongala alifariki mwaka 2010. Mfano wake unawadai wanaisimu jambo moja: Kiswahili cha Kongo kisihesabiwe kuwa Kiswahili kilichoharibika. Umma wa Tanzania ulikwisha kukipokea, kwa masikio na kwa miguu.