Bao la Ndola

Agosti 1979, Taifa Stars, timu ya soka ya Tanzania, ilitua Ndola, Zambia, ikiulinda ushindi wa 1-0 iliopata Dar es Salaam. Wenyeji wakatangulia kufunga. Dakika za lala salama, mshambuliaji Peter Tino akasawazisha, na Tanzania ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Gerd Müller aliifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62. Tino yeye alijengewa jina na bao moja tu, lile la Ndola.

Kwenye fainali zenyewe, Lagos, Machi 1980, maji yalizidi unga: Nigeria ilishinda 3-1, Misri 2-1, kisha sare ya 1-1 na Ivory Coast. Thuwein Waziri alifunga mawili kati ya mabao matatu ya Stars.

Mtoto aliyezaliwa Tanzania mwaka huo alisubiri hadi 2019, Stars iliporudi kwenye fainali hizo nchini Misri.