Majipu ya kurudiarudia

Majipu ya kurudiarudia ni hali ya mtu kupata majipu matatu au zaidi ndani ya miezi 12, ama mahali palepale ama sehemu mbalimbali za mwili. Jipu moja kwa kawaida ni ugonjwa mdogo: huvimba, huiva, hutumbuka, hupona. Lakini la kwapani linapokauka na la pajani likachipuka, na mwezi unaofuata mtoto wa nyumba hiyohiyo akaanza kukaa upande kwa jipu la kalio, cha kutafutwa ni bakteria aliyefanya makao puani, kwenye ngozi na katika vitu vya watu wanaoishi pamoja. Ndiyo maana matunzo yake nyumbani huwa na kazi mbili: kuuguza jipu lililopo, na kumwondoa bakteria ili lisije jingine.

Majina na aina

Jipu ni uvimbe wenye usaha unaoanzia kwenye kifuko cha unywele na kushuka ndani ya ngozi. Vipele vidogo vya usaha vinavyotokea baada ya kunyoa huwa juujuu tu kwenye vifuko hivyo, ingawa kimoja kinaweza kushuka kikawa jipu. Kijipu cha kwenye ukope huitwa chokea, na uvimbe wa usaha pembeni mwa ukucha huitwa mdudu wa kidole. Wakati mwingine majipu kadhaa huungana chini kwa chini yakawa uvimbe mmoja mpana wenye matundu mengi ya kutolea usaha. Uvimbe huo huja na homa na uchovu, hupenda kisogo na mgongo, na haufai kuuguziwa nyumbani. Mtoki si jipu: ni tezi ya kinena iliyovimba, mara nyingi kwa sababu ya kidonda cha mguuni.

Kisababishi

Majipu mengi husababishwa na bakteria aitwaye *Staphylococcus aureus*. Huyu si mgeni mwilini. Wakati wowote ule, karibu watu 3 kati ya 10 wanaye puani bila kuugua, na huweza pia kukaa kwapani, kinenani na katikati ya makalio. Hungoja upenyo: mkwaruzo wa wembe, ngozi iliyosuguliwa na nguo ya kubana, upele uliokunwa usiku kucha, au kidonda kilichoachwa na mbu. Kidole kilichogusa pua kikakuna paja kinatosha kumfikisha.

Akishaingia kwenye kifuko cha unywele, chembe nyeupe za damu humzingira. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta joto, uvimbe na maumivu, na mabaki yake, yaani chembe zilizokufa, bakteria na nyama iliyooza, ndiyo usaha. Mwili hujenga ukuta kuuzunguka usaha huo usisambae. Ukuta huohuo huzuia dawa ya kumeza isipenye vizuri, na ndiyo sababu vidonge peke yake mara nyingi havimalizi jipu lililokwisha kutunga.

Kuugua mara moja hakumpi mtu kinga ya kudumu dhidi ya bakteria huyu, na majaribio ya kutengeneza chanjo yake hayajazaa chanjo ya kutumiwa na watu. Aliyepona jana anaweza kuambukizwa upya leo, hata na bakteria aliye puani mwake mwenyewe.

Kwa nini hurudi

Uchafu ndio husingiziwa kwanza, na wagonjwa wengi huona aibu isiyo na msingi. Watu wasafi sana huota majipu. Yanayochangia ni kubeba bakteria puani, kuishi kwa kubanana kama katika mabweni, kambi na magereza, michezo ya kugusana miili, joto na jasho, unene unaofanya ngozi isuguane, magonjwa ya ngozi yanayowasha, na kinga ya mwili iliyoshuka. Kisukari kina nafasi ya pekee. Mtu mzima mwenye majipu yasiyokoma anapaswa kupimwa sukari, kwani wapo ambao jipu ndilo huwa dalili ya kwanza ya kisukari ambacho hawakujua kuwa nacho. Kipimo cha virusi vya UKIMWI nacho hushauriwa.

Sababu nyingine imo katika vitu vya nyumbani. Bakteria huyu huweza kuishi siku nyingi, hata wiki kadhaa, kwenye kitambaa kikavu. Taulo moja la watu watatu, dodoki linaloning'inia bafuni bila kukauka, wembe wa kuazimana na shuka lililopatwa na usaha humrudisha kwa aliyepona na kumpeleka kwa ambaye hajaugua. Mchuma janga hula na wa kwao.

Watu wengi wa Afrika Mashariki husema majipu huletwa na damu chafu au kula maembe mengi. Damu ya mwenye jipu la kawaida haina uchafu wowote wa kusafishwa, na maembe hayana bakteria huyu. Huenda tunda limesingiziwa kwa kuwa msimu wake mkubwa pwani huangukia miezi ya joto, wakati jasho na vipele vya joto vinapozidi.

Kuuguza jipu nyumbani

Tiba kuu ya nyumbani ni kukanda. Kitambaa safi, hata kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa, huchovywa katika maji ya moto ya kuvumilika, kikakamuliwa na kuwekwa juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Joto hupanua mishipa ya damu, huleta chembe nyeupe kwa wingi, hupunguza maumivu na kuharakisha kuiva. Maji yajaribiwe kwanza kwa mkono wa mtu mzima asiye na ganzi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia anaweza kuungua bila kujua. Kitambaa kikishatumika hakirudishwi kwenye beseni la wengine, bali huchemshwa au kufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Maumivu hutulizwa kwa parasetamoli. Kwa mtu mzima kipimo ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, na jumla isizidi gramu 4 kwa siku. Jipu la kalio au la paja hupunguziwa adha kwa nguo pana za pamba, na la kwapani kwa kuacha kunyoa na kupaka manukato hadi lipone.

Jipu halikamuliwi, wala halitobolewi kwa sindano, mwiba au wembe. Ukilibana kabla halijaiva, usaha huweza kupasua ukuta kwa ndani na kusambaa kwenye nyama au damu. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa majipu ya pua, ya mdomo wa juu na ya kuzunguka macho, kwa kuwa mishipa ya damu ya hapo ina njia ya kuelekea ndani ya fuvu.

Jipu dogo kwa kawaida hutumbuka lenyewe ndani ya wiki 1 hadi 3, na maumivu hushuka ghafla. Usaha hufutwa kwa pamba au kitambaa safi, pakaoshwa kwa maji na sabuni na kufunikwa kwa bendeji kavu inayobadilishwa kila siku au kila inapolowa. Kukanda huendelea hadi usaha uishe. Bendeji iliyotumika hufungwa ndani ya mfuko kabla ya kutupwa, na mikono huoshwa kabla na baada ya kila hatua.

Dawa za kubandika ni nyingi: kitunguu kilichochomwa, sabuni iliyochanganywa na sukari, majani ya mwarobaini. Vitu vya moto huenda vikasaidia kwa joto lake, kama kitambaa kinavyosaidia, lakini havijathibitishwa kukishinda. Jivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe visiwekwe kamwe kwenye jipu lililofunguka, kwani vinaweza kuleta pepopunda.

Kumwondoa bakteria nyumbani

Kazi hii hufanywa jipu likishapona au likiwa linaelekea kupona, na hufaa ifanywe na watu wote wa nyumba kwa siku zilezile. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa St. Louis, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa familia nzima ikitibiwa pamoja, watoto waliowahi kuugua hurudiwa na maambukizi ya ngozi mara chache zaidi kuliko akitibiwa mgonjwa peke yake.

Utaratibu unaotumiwa sana huchukua siku 5. Kila mtu hupakwa marhamu ya mupirosini ndani ya matundu ya pua mara 2 kwa siku, huoga kila siku kwa dawa ya klorheksidini kuanzia shingoni kwenda chini, na hubadilisha taulo, shuka na nguo kila siku. Marhamu hayo hutolewa kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa yakitumiwa ovyo bakteria huyazoea.

Mahali ambapo klorheksidini haipatikani au ni ghali, madaktari wengine hushauri kuogea dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, ile isiyo na manukato wala sabuni. Kipimo ni kijiko 1 cha chai kwa kila lita 4 za maji, yaani vijiko 5 kwa ndoo ya lita 20, mara 2 kwa wiki. Wenye bafu la kujilaza hukaa ndani ya maji hayo dakika 15. Wa ndoo hujipaka kwa kitambaa, wakasubiri dakika chache na kujisuuza. Dawa isizidishwe, isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia, na isifike machoni. Mwenye pumu au ngozi yenye vidonda vingi amwulize mhudumu wa afya kwanza.

Nyumbani, kila mtu awe na taulo, wembe na dodoki lake. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, yakauke kabisa juani na kupigwa pasi. Kucha zikatwe fupi. Kama kuna upele unaowasha, wote watibiwe upele huo kwanza, la sivyo ngozi itaendelea kukunwa na kufunguka.

Wakati wa kwenda hospitali

Mgonjwa asisubiri ikiwa jipu liko usoni au kwenye uti wa mgongo, lina upana unaozidi sentimita 5, halijapungua baada ya wiki 2, au limeambatana na homa na kutetemeka. Vilevile mtoto mchanga, mwenye kisukari na mwenye kinga dhaifu wapelekwe mapema. Vitabu vingi hutaja wekundu unaoenea kuwa dalili ya hatari, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu kuonekana. Badala yake ngozi hukolea weusi au kuwa ya zambarau, hung'aa kwa kuvutika, huwa na joto mkono ukiigusa, na eneo lenye maumivu hupanuka siku hadi siku.

Hospitali, jipu lililoiva hupasuliwa kwa ganzi na kusafishwa. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba yenyewe. Antibiotiki huongezwa kwa jipu kubwa, majipu mengi au mgonjwa mwenye homa. Majipu yakirudi, usaha upelekwe maabara ili ijulikane ni dawa gani inayomweza bakteria huyo. Vidonge vichache vinavyonunuliwa duka la dawa na kuachwa maumivu yakipungua huchangia usugu: aina za bakteria huyu zinazoshinda methisilini ziligunduliwa Uingereza mwaka 1961, muda mfupi baada ya dawa hiyo kuanza kutumika, na leo zimeenea duniani.

Magonjwa yanayofanana

Si kila uvimbe unaorudi ni jipu la kawaida. Uvimbe wa kwapani, kinenani au chini ya matiti unaoanza baada ya balehe, unaoacha makovu magumu na vijitundu vinavyounganika chini ya ngozi, huenda ukawa hidradenitisi. Ugonjwa huo hauambukizi na una matibabu tofauti.

Katika Afrika ya kitropiki yupo pia nzi *Cordylobia anthropophaga*, anayetaga mayai mchangani na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Funza wake huingia ngozini na kufanya uvimbe kama jipu, wenye kitundu katikati, na mgonjwa huhisi kitu kikichezacheza ndani. Kuziba kitundu kwa mafuta mazito humkosesha funza hewa akajitokeza. Kinga yake ni kupiga pasi kila nguo, zikiwemo za ndani na nepi.

Kidonda chenye gamba jeusi kisichouma, kwa mtu aliyechinja au kuchuna mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, kinaweza kuwa kimeta na kinahitaji matibabu ya haraka.

Historia

Majipu yanatajwa katika maandiko ya kale. Biblia inasimulia mfalme Hezekia akitibiwa jipu kwa mkate wa tini uliobandikwa juu yake, na mateso ya ngozi ya Ayubu. Mwezi Mei 1879, mfanyakazi mmoja wa maabara ya Louis Pasteur huko Paris alikuwa akisumbuliwa na majipu yaliyofuatana, leo hapa kesho pale. Pasteur aliotesha vijidudu kutoka kwenye usaha wake na kutoa taarifa mwaka 1880. Mwaka huohuo Alexander Ogston, mpasuaji wa Aberdeen, Uskoti, alieleza bakteria wa mviringo aliowaona katika usaha wa majipu. Mwaka 1882 aliwaita *Staphylococcus*, kutokana na neno la Kigiriki la kishada cha zabibu. Friedrich Julius Rosenbach wa Ujerumani aliongeza *aureus*, yaani wa dhahabu, mwaka 1884, kwa rangi ya makundi yao maabara. Alexander Fleming naye alikuwa akiotesha bakteria wa jamii hiyo London mwaka 1928 alipogundua penisilini.

Karl Marx aliteswa na majipu kwa miaka mingi alipokuwa akiandika kitabu chake kikuu, *Das Kapital*. Mwaka 2007 daktari wa ngozi Sam Shuster alipendekeza kuwa ugonjwa wake ulikuwa hidradenitisi.

Katika lugha

John Pombe Magufuli alipoingia madarakani Tanzania Novemba 2015, kuwaondoa kazini watumishi wa umma walioshutumiwa kwa ufisadi au uzembe kuliitwa kutumbua majipu, na aliyeondolewa alisemwa ametumbuliwa. Usemi huo ulivuka mipaka na kuenea katika magazeti ya Kiswahili. Unasifu mkono unaotumbua, ilhali katika uuguzi mkono huo ndio unaokatazwa. Kiswahili cha nyumbani kina neno jingine kwa jipu, lile la matunda na vyakula, kuiva, na mgonjwa huulizwa kila asubuhi kama limeiva.