Homa ya Mafua ya 1918 katika Afrika Mashariki

Mafua makali ya msimu, yaani influenza, ni ugonjwa wa njia ya hewa unaoletwa na kirusi, nao hutofautiana na mafua ya kawaida kwa namna unavyomlaza mgonjwa ghafla kwa homa, kikohozi na maumivu ya viungo. Uliingia Mombasa kwa meli mnamo Septemba 1918, ukapanda reli kuelekea Nairobi na Kisumu, ukaikuta nchi imechoshwa na miaka minne ya vita na mvua zilizokosekana. Vita hivyo vilikuwa vimewatoa vijijini mamia ya maelfu ya wapagazi, ambao kambi zao ndizo zilizoacha jina la Kariakoo huko Dar es Salaam na Nairobi. Na hata baada ya jeshi la Wajerumani chini ya jemadari Paul von Lettow-Vorbeck kuweka silaha chini tarehe 25 Novemba, homa iliwafuata askari na wapagazi wake hadi kambini Tabora.

Ajabu ni kwamba homa hiyo, badala ya kuishia kwa wazee na watoto wachanga, iliwaandama pia watu wenye nguvu zao, wa kati ya miaka 20 na 40. Wengi waliuawa na kichomi, yaani nimonia, kilichofuata mafua yenyewe. Lakini nyumba ambayo wote walianguka pamoja, pasiwe na wa kuteka maji wala wa kukoroga uji, ilipoteza hata wagonjwa ambao uangalizi mdogo ungewaponya.

Madaktari nao hawakuwa na dawa, na wengi wao walikuwa bado wakimsadiki Richard Pfeiffer, Mjerumani aliyedai mwaka 1892 kwamba chanzo ni bakteria. Kirusi cha binadamu kilipatikana mwaka 1933, watafiti wa London walipowaambukiza ferreti, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, kwa maji aliyosukutulia mgonjwa. Na mwaka 1936 ferreti mmoja alimpigia chafya mtafiti usoni, akamrudishia mafua, ushahidi ambao hakuna aliyeuomba. Chanjo iliyokuzwa katika mayai ya kuku iliidhinishwa Marekani mwaka 1945. Kwa kuwa kirusi hubadilika sura kila mara, Shirika la Afya Duniani hupendekeza muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini. Lakini Kenya, iliyokatwa na ikweta, hukumbwa na mafua hayo karibu mwaka mzima, na kuamua mwezi wa kuchanja ni kazi ngumu zaidi Nairobi kuliko London.